Jiwe la Kukanyagia Mafuta

Elinami mwanangu,

Sweta liko juu ya begi. Shangazi yako amekwisha kukuambia habari za maji ya kunywa, habari za wezi wa stendi na habari za wanaume, na najua ulimsikiliza nusunusu kwa sababu nilikuwa nakutazama. Kwa hiyo hayo mimi nayaruka. Barua hii naiandikia hapa gereji, juu ya boneti la pikapu ya yule mwalimu, jua bado halijazama, na nyinyi wawili mko nyumbani mnakaanga maandazi ya safari. Nitaiweka ndani ya kile kitabu chako cha injini. Nakuomba uisome ndani ya basi, kabla hamjafika Singida. Ukisubiri mpaka Mwanza utakuwa umechelewa, maana utakuwa umekwisha kumwamkia Anaeli kwa sura isiyofaa.

Nakuambia hivyo kwa sababu ya maneno yako ya wiki iliyopita. Tulikuwa tunakula, ukacheka, ukasema, "Baba, yaani mafundi wote wa Tanzania hii, ukanitafutia yule aliyeua gari la Baba Neema?" Nami nikanyanyua glasi ya maji, nikanywa mpaka mwisho, kisha nikauliza chumvi iko wapi. Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Mwanangu, Anaeli hakuua gari la Baba Neema. Niliua mimi.

Nimeyaandika maneno hayo, nikanyanyuka kwenda kufunga bomba ambalo halikuwa wazi, nikarudi. Bado yapo kwenye karatasi. Basi ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana ukisikia kipande utanihurumia, na sitaki unihurumie kabla ya wakati.

Unajua watu wa Sombetini wananiita Sikio, lakini sidhani nimewahi kukuambia jina lilitoka wapi. Nilishuka kutoka Akheri nikiwa na umri kama wako. Shamba la kahawa la babu yako lilikuwa limegawanywa kwa wana wanne, na mimi nikaangukiwa na kipande chenye migomba kumi na mawe mengi. Nikapata kazi ya kuosha vyuma kwenye karakana moja ya serikali. Hapo palikuwa na mzee mmoja wa Kichaga, mtu asiyependa maneno, ndiye aliyenifundisha kuweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayounguruma, na mpini wake kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Ukifanya hivyo injini nzima inaingia kichwani. Unasikia valvu, unasikia pistoni, unasikia beringi iliyochoka ikigonga taratibu kama mgeni anayeona haya kubisha hodi. Nilikuwa na kipaji, siwezi kujifanya mnyenyekevu hapa. Watu walileta Landrova na Pijo kutoka huko Karatu ili tu niweke bisibisi yangu na kusema ugonjwa uko wapi.

Lakini sikio peke yake halitoshi, na hilo unalijua kuliko mtu yeyote. Injini ikipumzika ina sauti yake, ikipandishwa ina nyingine, na mara nyingi ugonjwa hujificha katikati, pale inapotoka huku kwenda kule. Lazima awepo mtu ndani ya gari, mguu kwenye pedeli ya mafuta, akupigie resi. Pandisha, shusha, shikilia hapo hapo. Na mtu huyo lazima aujue mkono wako, kwa sababu kelele ni nyingi na hawezi kusikia ukimwita. Kwa miaka tisa mtu huyo alikuwa Anaeli.

Alikuwa mtoto wa jirani yetu wa Akheri. Alinifuata mjini, nikamfundisha kazi, akawa fundi kamili, tukafungua gereji hii pamoja. Hizi nguzo za mbao unazoegemea tulizichimbia sisi wawili. Alikula kwetu kila siku, na wewe ulimwita Baba Mdogo. Ulikuwa na miaka sita alipoondoka, labda unakumbuka mabega yake tu, maana ndiko ulikokuwa unakaa.

Sasa nije kwenye themostati. Unazijua, zilikuwa vikombe vyako. Ulikuwa unazimwaga kutoka kwenye lile kopo la kakao, unazipanga juu ya benchi, unatukaribisha chai. Mara moja ulizihesabu, ukapata arobaini na tatu, ukafurahi kwamba unaweza kuwaalika watu wa mtaa mzima. Hukuuliza zimetoka wapi. Zote zimetoka kwenye magari yaliyokuwa mazima, na aliyezitoa ni baba yako.

Miaka ile ya dhiki hatukuwa na njia nyingine. Themostati hukaa kwenye njia ya maji na kuyazuia yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Ikikwama imefunga, gari linachemsha, na wakati ule dukani hapakuwa na kipuri wala sabuni. Tukawa tunaitoa tu. Gari linafika linakokwenda, mwenyewe anashukuru. Hatukuwa wajinga, ndivyo tulivyoweza. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Magari ya Kijapani yakaanza kushuka kwa wingi kupitia Dubai, maduka ya vipuri yakafunguliwa kila kona, unachagua kama unachagua nyanya. Mimi nikaendelea kutoa themostati. Kila gari lililoingia hapa nililiondolea yake, hata lililokuja kubadilishwa taa. Nilikuwa nasema gari lenye themostati bado halijabatizwa Arusha. Watu walicheka, nami nilipenda sana wakicheka.

Baba Neema alinunua gari lake mwaka huo huo duka lake la vifaa vya ujenzi lilipochangamka. Tulikuwa naye kwaya moja, tukiimba besi bega kwa bega. Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la kwanza mtaani kwetu lisilo na kabureta. Ndani lilikuwa na kompyuta inayopima joto la maji na kuamua petroli iende kiasi gani. Sikulijua hilo. Nililibatiza siku ya kwanza, bure, kama zawadi kwa rafiki.

Haukupita mwezi likaanza kunywa petroli kama limelaaniwa. Asubuhi linakohoa, moshi unatoka mweusi. Nikabadilisha plagi, zikaungua nyeusi tena. Nikabadilisha chujio. Nikaweka bisibisi yangu, Anaeli akanipigia resi nusu saa nzima, nisisikie kitu. Ugonjwa ule haukuwa na sauti. Mtu mwenye akili angesema hapo, "Sijui." Mimi nikasema petroli ya siku hizi imechakachuliwa.

Anaeli alitoka ndani ya gari, akashika bomba la maji kwa mkono mtupu, akalishika muda mrefu.

"Kaka," akasema, "hii gari inadhani bado ni alfajiri."

"Inadhani?"

"Injini haipati moto. Maji yamebaki baridi muda wote, kwa hiyo kompyuta inaona gari ndiyo kwanza limewashwa, inazidisha petroli. Tuirudishie themostati yake, kaka. Si ipo kwenye kopo?"

Palikuwa na wateja wanne kwenye benchi. Nikawageukia. "Msikieni huyu," nikasema. "Juzi tu alikuwa anakamua ng'ombe Akheri, leo anaongea na kompyuta." Wakacheka. Na yeye akacheka kidogo, akatazama chini. Jioni tulipobaki wawili akarudia tena, kwa upole, akaniomba nijaribu siku moja tu. Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu nilikuwa mimi.

Ningeweza kujaribu, mwanangu. Ni kazi ya boliti mbili na gasketi ya karatasi. Nimeifanya mara nyingi kichwani tangu siku ile.

Petroli inayozidi haiendi mbinguni. Inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili, inaingia chini na kuifanya oili nyepesi kama chai ya rangi, na beringi zinabaki zinasagana vyuma kwa vyuma. Jumamosi moja Baba Neema alilipamba gari lake kwa utepe ili limbebe bibi harusi, binti wa kaka yake, kutoka kanisani Usa River kuja mjini. Walipofika Tengeru, mbele ya soko, injini ikaanza kugonga, kisha ikanoki, ikafa kabisa. Bibi harusi alisimama na shela lake katikati ya mikungu ya ndizi, wauzaji wote wakimtazama, na safari yake akaimalizia ndani ya pikapu ya mfanyabiashara wa ndizi. Watu walilisimulia jambo hilo mwaka mzima. Najua nawe umelisimulia, na ukicheka unacheka vizuri, lakini bibi harusi alilia.

Jumatatu gari likavutwa kwa kamba mpaka hapa, na nyuma yake watu kama wanasindikiza jeneza. Nikafungua boneti. Nikachomoa kijiti cha oili, nikakinusa. Kilinuka petroli tupu. Hapo hapo nilijua. Nataka hili ulishike vizuri, kwa sababu kwa miaka nimejidanganya kwamba siku ile nilikuwa sijui. Nilijua kwa pua yangu mwenyewe, kijiti kikiwa bado mkononi, na Baba Neema hajafungua mdomo.

"Fundi," akasema, "nani kati yenu ameshughulika na hii gari?"

Nikamtazama Anaeli. Sikumnyoshea kidole, nilimtazama tu. Baba Neema akayafuata macho yangu.

"Ni huyu?"

Nikasema, "Vijana wa siku hizi, Baba Neema, hawaambiliki."

Anaeli alikuwa na kitambaa mkononi. Akajifuta vidole, kimoja kimoja. Akanitazama, nikadhani atasema. Kopo lilikuwa hatua tatu kutoka aliposimama, na themostati ya gari lile ilikuwa juu kabisa, bado inang'aa. Angeweza kuichukua akawaonyesha watu wote, na jina la Sikio lingekwisha saa ile. Akasema, "Sawa, kaka." Akakusanya spana zake, akazifunga kwenye ovaroli lake kuukuu, akaondoka.

Baba Neema ni mtu mwenye kusikilizwa. Alisema dukani, akasema sokoni, akasema hata kwenye uwanja wa kanisa, kwamba yule kijana asipewe gari. Anaeli akazunguka gereji za mji huu miezi mitatu, hakuna aliyemruhusu kushika hata tairi. Akajaribu kurudi kulima Akheri. Kisha nikasikia ameondoka, wengine wakasema Kahama, wengine Mwanza.

Mama yako alijua siku ile ile. Jioni alipika kama kawaida, akapakua sahani nne, akasubiri. Nikamwambia Anaeli haji. Marehemu hakuniuliza Anaeli amefanya nini. Aliniuliza, "Umefanya nini?" Nikamweleza, maana yeye sikuweza kumdanganya. Akasema niende kwa Baba Neema kabla ya kulala. Nikamwambia kesho. Kesho yake nikamwambia kesho. Kwa muda mrefu aliendelea kupakua sahani ya nne, anaifunika, asubuhi anampa mbwa. Mpaka tunamzika ilikuwa bado kesho.

Nikabaki na gereji peke yangu. Wiki ya kwanza nilijaribu kuingia garini, kupiga resi, kisha kukimbia mbele na bisibisi kabla sauti haijashuka. Ungeniona ungekufa kwa kicheko. Ndipo nikalichukua lile jiwe. Lilitoka Akheri, kwenye kipande changu cha mawe, nililileta mjini kuzuia matairi. Nikaliweka juu ya pedeli ya mafuta. Injini ikaunguruma, nikaenda mbele, nikaweka sikio.

Jiwe linakanyaga kwa nguvu ile ile tu. Halipandishi, halishushi, halioni mkono. Nusu ya magonjwa nikawa siyasikii tena, kwa sababu yalikuwa kule katikati ambako jiwe haliwezi kwenda. Nikawa nabahatisha. Nilishusha injini ambazo hazikuhitaji kushushwa, na watu wakaendelea kuniita Sikio kwa sababu ya mazoea. Siku nyingine, kichwa kikiwa ndani ya boneti, nilijikuta nimenyanyua mkono na kuuteremsha polepole, kama nilivyokuwa nikimfanyia Anaeli, nikasema, "Shusha kidogo." Kisha nikakumbuka. Mkono wenyewe uliniaibisha, nikautia mfukoni.

Miaka ile nilikuwa mpweke, Elinami. Nilikuwa na mke, nilikuwa na wewe, nilikuwa na wateja wa kutosha, na nilikuwa mpweke kwa namna ambayo sikuweza kumlalamikia mtu, kwa sababu mtu wa kwanza angeniuliza, "Kwani mwenzako yuko wapi?" Ukimfukuza mtu kwa uongo, hata kumkumbuka unakumbuka kwa siri.

Kisha mama yako akatuacha. Kama wiki mbili baada ya mazishi ulitoka shule, ukaja hapa na sare zako na soksi zimeshuka. Nilikuwa nimeinama kwenye Landrova ya mzee mmoja wa Kikwe. Ukapanda upande wa dereva. Ukalisukuma jiwe kwa miguu yote miwili mpaka likaanguka nje, ukateleza mbele kwenye kiti ili ufikie pedeli, ukapiga kelele, "Baba, nipandishe?" Nikanyanyua mkono, nawe ukaufuata. Sijui ulijifunza wapi. Labda ulikuwa unaona ulipokuwa kwenye mabega yake.

Tangu siku hiyo jiwe likawa la kuzuia mlango wa stoo, na mimi nikawa fundi tena. Sikukuambia kwamba nilikuwa nimeacha kuwa fundi. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu uliponiambia kutoka ndani ya gari, "Baba, linakohoa likishuka, likipanda halikohoi," nami nilikuwa nimeweka bisibisi muda wote sijalisikia hilo. Na unakumbuka siku nilipomwambia yule dereva wa lori la mahindi, "Sijui bado, ngoja tuangalie"? Ukageuka kwenye kiti ukanitazama kama umeona mzimu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mteja. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Lilinitoka kwa shida kuliko jino, kisha dereva akasema, "Sawa, mzee, mimi nasubiri," akakaa kwenye benchi akala muwa wake. Ndivyo ilivyo rahisi, mwanangu. Miaka yote ile nilidhani nikisema sijui paa litaniangukia.

Kwa hiyo sina ushauri mkubwa wa kukupa juu ya kazi. Huko unakokwenda, nasikia ana mashine anayoichomeka kwenye gari ikamsomea kompyuta inasema nini. Wewe mwenyewe uliniambia unataka kwenda mahali wanapopima, si mahali wanapobahatisha, na ulipoona uso wangu ukaongeza, "Sisemi wewe, Baba." Ulikuwa unasema mimi, na ulikuwa sahihi. Mimi nina jambo moja tu ambalo mashine haitakusomea. Kabla hujafungua boneti, angalia kama umekwisha kuamua ugonjwa ni nini. Ukikuta umekwisha kuamua, nenda kwanza ukanywe maji. Magari niliyoyaharibu, yote niliyaharibu nikiwa nimekwisha kuamua.

Huyo dereva wa mahindi ndiye aliyenirudishia Anaeli. Siku ile ile, akitafuna muwa wake, alisema kule Mwanza kuna fundi Mmeru, hodari sana kwa magari ya kompyuta, analea watoto watatu na anapokea wanafunzi. Akasema, "Ukimwuliza kazi alijifunza wapi, anasema kwa kaka yake, Arusha, mtu aitwaye Sikio." Dereva hakujua anaongea na nani. Nikaingia chini ya lori lake na kukaa huko muda mrefu, nikijidai natafuta oili inakovuja.

Nilichukua karibu mwaka kumwandikia. Ulipomaliza mitihani na kusema unataka kujifunza magari haya mapya, nikajua hakuna mwingine. Nikamwandikia kwamba nina binti. Sikuandika neno juu ya gari jeupe. Kalamu ilikataa, au niseme ukweli, mimi nilikataa. Akajibu kwa mistari miwili. Wa kwanza ulisema, "Kaka, mlete mtoto." Huo ndio niliokusomea.

Juzi Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda kwa Baba Neema. Wewe ulidhani nimebaki kwenye mazoezi ya kwaya. Nilimkuta sebuleni amevua viatu. Nikamweleza yote, kuanzia kubatiza gari mpaka kijiti cha oili, nimesimama, maana sikuweza kukaa. Nilitegemea atanifukuza. Akasema, "Fundi, ungeniambia siku ile ningekusamehe siku ile. Tulikuwa tunaimba wote. Ningekasirika wiki moja. Yule kijana sikumsamehe kwa sababu sikumjua."

Halafu akauliza, "Ana watoto?"

Nikamwambia anao watatu.

"Mimi nilimfungia mji mzima," akasema. Hakunikaribisha chai, na unaijua nyumba ile, hata mtu wa kukata umeme hupewa chai.

Nilirudi kwa miguu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka kumi na mmoja, na mwisho wake nimeambiwa haikuwa na haja yoyote. Hilo ndilo linaloniuma sana jioni hii. Uongo ule haukuniokoa na kitu. Ningesema, ningekosa usingizi siku saba, Anaeli angerudi mezani, mama yako angepakua sahani nne na zote zikaliwa, na wewe ungekua na baba mdogo.

Nilifikiri nikupe ile themostati umpelekee. Ninayo, niliitenga na vile vikombe vyako siku ile ile. Nimeifunga kwenye kitambaa, nimeifungua, nimeifunga tena. Sikupi. Huo ni mzigo wangu, na wewe begi lako limejaa. Nimeandika hapa "nitakuja mwezi ujao," nikafuta, kwa sababu mwezi ujao ni ndugu yake kesho. Nakuja Ijumaa ya pili tangu leo, kwa basi hilo hilo. Nimemwambia shangazi yako siku yenyewe, ili nikishindwa kwenda niumbuke. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Ninachotaka kwako ni kitu kimoja, ukishuka na kumwona, mwamkie kwa heshima ya baba mdogo, na usimtazame kama mtu aliyeua gari.

Anaweza asiseme lolote juu yangu. Anaweza hata kunisifu, na ukisikia hivyo ujue ananifichia tena, kama siku ile. Na wewe ukinikasirikia, kasirika. Ukitaka kukaa bila kuniandikia, kaa. Nitakuwa nakuja hapa gereji kila siku kama kawaida.

Mstari wa pili wa barua yake sikukusomea. Uliuliza, "Siku hizi nani anakupigia resi?" Nilipomjibu nilimwandikia habari za basi, za umri wako, za cheti chako cha shule. Swali hilo nililiruka. Nilikuwa na jibu zuri kuliko yote duniani, nalo ni wewe, lakini sikuweza kuliandika, kwa sababu barua ile ile ilikuwa ya kukutoa kwangu uende kwake.

Jana jioni nilikuta umeliondoa jiwe mlangoni. Umelisugua kwa sabuni mpaka oili yote ya zamani imetoka, ukaliweka kando ya sanduku la spana, mahali ambapo mkono wangu utalifikia bila kutafuta. Nami nilipita kama sikuona, nikaenda nyuma ya gereji, nikalia.

Anaeli atakuuliza tena swali lile, namjua. Usimwambie Baba anaendelea vizuri. Mwambie ulikuwa ni wewe, na kwamba kabla hujaondoka ulimwoshea baba yako jiwe la kukanyagia mafuta.

Baba yako